Mtu Mwekundu kwenye Dashibodi

Gari lililala siku tatu ndani ya Nyando,
maji yakafika usawa wa redio.
Lilipoletwa kwangu Kibuye likivutwa kwa kamba
bado lilikuwa na tope la mashamba ya mpunga mifukoni mwa viti
na kambare mdogo, mkavu, chini ya kanyagio la breki.
Mwalimu Apondi alimshika mkia, akamtupa mtaroni:
"Huyu hakulipa nauli."

Nikafungua. Kompyuta ya injini ilikuwa imeota kutu ya kijani
kama mkate uliosahauliwa kabatini.
Hiyo niliibadilisha Jumanne. Barasa alikuwa nayo,
imeng'olewa kwenye gari la aina ileile,
namba zikalingana mpaka herufi ya mwisho.
Ufunguo ukaikataa, nikaubembeleza kwa laptopu nusu siku,
ukakubali. Injini ikanguruma.
Kuku wa jirani wakahama.

Lakini pale kwenye dashibodi, yule mtu mdogo mwekundu
aliyeketi na mpira mbele ya kifua
hakuzimika.

Boksi la mito ya hewa hukaa chini, katikati ya viti,
mahali maji huingia kwanza na kutoka mwisho.
Jipya? Nikamtajia bei.
Apondi akacheka kicheko cha mtu mwenye watoto watatu sekondari.
Basi la mtumba. Barasa akaleta moja ndani ya gazeti,
la rangi ya fedha, dogo kama kitabu cha sala.
"Safi, fundi. Halijaguswa."
Fundi hasadiki mdomo, husadiki waya.
Nikachomeka mashine. Kioo kikafikiri kidogo,
kisha kikaandika:

mgongano, mbele
kasi, themanini na saba
breki, ilikanyagwa
mkanda wa dereva, ulifungwa
mkanda wa abiria, haukufungwa

Mimi nimezoea mali ya marehemu.
Nusu ya magari ya mji huu hutembea kwa maini ya mengine,
mlango mweupe kwenye gari la buluu,
gia iliyotoka kwenye gari lililobingirika Londiani,
na hakuna anayeuliza mlango ulifunguliwa na nani mara ya mwisho.
Ila mlango hausemi.

Apondi alikuwa nyuma ya bega langu
akisoma kama anayesahihisha, kalamu mkononi.
"Huyu abiria," akasema, "alipona?"
Nikamwambia mashine haina kodi ya hilo.
"Ina ya breki, haina ya mtu?"

Sikujibu. Sami walishaanza kupanda kutoka ziwani,
wingi wao kama moshi,
wanatua kwenye kioo, juu ya maandishi,
nawapangusa, wanatua.

Kazi yenyewe ni dakika nne.
Unafungua boksi, unakamata miguu minane
ya chipu ndogo kuliko punje ya mahindi,
unasoma, unafuta, unaandika upya.
Linaamka kama limezaliwa leo,
halijui ukuta, halijui lori.
Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Ngoja."

Akararua ukurasa wa daftari la mahudhurio,
akanakili yote kwa mwandiko wa ubaoni,
hata ile themanini na saba, hata *haukufungwa*.
Akauliza tarehe. Nikamwambia boksi halina kalenda.
Akachora mstari, akaacha juu yake nafasi,
akaikunja karatasi, akaitia pamoja na stakabadhi ya bima.

Nikafuta.

Mtu mwekundu akawaka sekunde sita, ndiyo desturi yake,
akazimika.

Apondi alipoketi alivuta mkanda wake: tiki.
Akainama, akavuta na ule wa pembeni,
wa kiti kilichobeba vitabu tu vya kusahihishwa: tiki.
Sikumuuliza. Nilimdai hela ya waya na muda,
zile dakika za kunakili sikuzihesabu,
naye akashika barabara ya Ahero
vioo vyote vinne chini,
maana kila akiwasha kipepeo
kambare bado alikuwa ndani.